Damu Iliyosafiri Juu ya Dashibodi

Je, niliziamini zile nambari kwa sababu zilikuwa nzuri, au kwa sababu nilikuwa nimechoka? Nimelizungukia swali hili kwa miaka mingi, na kila ninapodhani nimepata jibu, ninatambua kwamba nimepata tu namna ya kujitetea. Ninachokijua ni kwamba mwanzoni mwa mwaka wa 2013, nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne na shahada ya sayansi ya maabara iliyotundikwa ukutani katika nyumba ya kupanga mjini Lodwar, nilimwambia mtu mgonjwa kwa simu kwamba damu yake ilikuwa imetulia. Haikuwa imetulia.

Mtu huyo nitamwita Mwalimu, kama alivyoitwa na Kakuma nzima, ingawa alikuwa ameacha kufundisha zamani na sasa alikuwa na duka la madaftari, chaki na sare za shule. Alikuwa mtu wa kuja, kama mimi. Sote wawili tulizaliwa kwenye nchi yenye mvua, tukaletwa Turkana na kazi, na kazi ilipokwisha kutuzoea tukajikuta hatuna tena mahali pengine pa kurudi. Mkewe alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mama wa kwaya, mwenye maneno machache na msimamo mkali. Shinikizo la damu lilikuwa limeziua figo za Mwalimu bila kumpa taarifa, na tangu hapo aliishi kwa mashine iliyokuwa ikimsafisha damu huko Eldoret.

Alipaswa kusafishwa mara mbili kwa juma. Njia ilimruhusu mara moja. Kila Jumatatu alfajiri aliondoka Kakuma, akapita Lodwar akiwa amefunika pua kwa leso, akapanda milima usiku, akalazwa kando ya mashine siku ya Jumanne, na Jumatano akaanza kurudi. Kati ya Jumatano na Jumatatu alikuwa haruhusiwi kunywa zaidi ya chupa moja ndogo ya maji kwa siku, katika mji ambao hata mbuzi hulala wakihema. Aliniambia wakati mmoja kwamba hakuogopa kufa, aliogopa saa nane mchana.

Daktari wake wa Eldoret alitaka hesabu kamili ya damu kila baada ya majuma mawili, ili ajue upungufu wa damu umefika wapi kabla ya safari inayofuata. Kituo cha Kakuma kilichomtoa damu hakikuwa na mashine ya kuihesabu, kwa hiyo kila Ijumaa ya pili kichupa chenye kizibo cha zambarau kiliwasili kwenye maabara yangu Lodwar pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kilikuja na dereva Mturkana aliyepeleka samaki kutoka Eliye, kando ya Ziwa Turkana, hadi Kakuma kila asubuhi na kurudi mchana na sanduku tupu. Niliiingiza damu kwenye mashine, nikaandika kiwango cha hemoglobini kilichoombwa, nikapiga simu Eldoret. Kazi yangu ilikomea hapo. Sisi watu wa maabara tumefundishwa kutoa nambari na kuwaachia wengine maana yake.

Lakini mashine ilitoa nambari nyingine nyingi ambazo hakuna aliyeziuliza, nami nikaanza kuzisoma. Katika damu kuna chembe nyeupe za aina kadhaa, na mbili kati yake ndizo zilizonihangaisha. Neutrofili huongezeka mwili unapokuwa vitani. Limfosaiti hupungua mwili unapochoshwa na vita hivyo. Ukigawanya hesabu ya za kwanza kwa hesabu ya za pili, unapata nambari moja ndogo, na nilikuwa nimesoma kwamba kwa watu wanaosafishwa damu nambari hiyo ikizidi kupanda, moyo huwa katika hatari zaidi. Vivyo hivyo chembe nyekundu zikianza kutofautiana sana kwa ukubwa. Hakuna uhakika katika mambo haya. Ni sawa na kuona mawingu upande wa Uganda ukiwa umesimama kwenye mchanga mkavu wa mto Tarach: huenda maji yasifike kamwe, lakini mwenye akili huwaondoa mbuzi wake mtoni.

Basi nikafungua daftari, mojawapo ya madaftari ambayo Mwalimu mwenyewe alinitumia kama shukrani, na kila Ijumaa ya pili nikagawanya kwa penseli. Katika nusu ya pili ya mwaka wa 2012 nambari ile ilipanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nilimpigia daktari wa Eldoret nikamweleza. Hakunicheka, jambo nililokuwa nimeliogopa. Alisema atamkagua moyo kwa makini zaidi, akaniomba niendelee kumpelekea mwelekeo badala ya nambari moja moja, kisha akasema jambo ambalo sina ruhusa ya kulisahau: lolote litakalosemwa na damu, asikose kuja Jumanne hata moja.

Mwalimu alijua kuhusu daftari. Hakuna siri katika simu za Kakuma. Alipopita Lodwar alisimamisha gari mara moja akaja dirishani kwangu, mtu mrefu aliyekonda mabega na kuvimba miguu, akanitazama nikiwa na glavu mikononi.

"Nyinyi watu wa maabara mnamjua mtu bila kumwona uso," alisema. "Kama Mungu tu. Ila Mungu hategemei umeme."

Nikacheka, kwa sababu jenereta ilikuwa imezimika muda huo huo.

Mwezi wa Desemba nambari ikashuka. Katika Januari ikashuka tena, na Februari ikawa karibu ile ya mtu mwenye afya. Ninapaswa kueleza hali yangu ilivyokuwa, ingawa najua maelezo haya yanaelekea kuwa utetezi. Mwenzangu wa maabara alikuwa likizoni na aliyeahidiwa kushika nafasi yake hakuja. Nilikuwa nikisoma vioo vyenye matone ya damu ya kupimwa malaria tangu asubuhi hadi macho yakawa yanaona vimelea hata kwenye ukuta. Upepo wa Lodwar ulikuwa ukipuliza vumbi kupitia wavu wa dirisha hadi kwenye meza niliyokuwa nimeifuta dakika kumi zilizopita. Wanangu wawili walikuwa Kitale kwa mama yangu, na mdogo alikuwa ameanza kuniita kwa simu kwa heshima, kama anavyoitwa shangazi wa mbali. Katikati ya hayo yote, mtu mmoja alikuwa anapona. Nilimhitaji apone.

Kulikuwa na dalili. Kando ya nambari zake mashine ilichapa vinyota, ishara kwamba haikuwa na hakika na ilichokihesabu. Lakini katika miezi ya joto mashine ile ilichapa vinyota kando ya kila kitu, nami nilikuwa nimezoea kuviruka kama mtu anavyoruka mawe ya njia anayoipita kila siku. Tena chembe zake nyekundu zilikuwa zimenenepa. Nikajiambia kwamba ni zile tembe za vitamini alizopewa. Kwa kila dalili nilikuwa na jibu, na majibu yote yalielekea upande mmoja.

Nikampigia simu katikati ya Februari.

"Mwalimu, damu yako imetulia."

Nyuma yake nilisikia mtu akiomba kalamu nyekundu mbili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake, "Imetulia kiasi cha mtu kupumzika?"

Nilijua alichokiuliza. Alikuwa amechoka na ile barabara, na alikuwa anamwomba mtu anayeijua damu yake amwambie kwamba anaweza kukosa Jumanne moja. Jibu lilikuwa neno moja, na daktari wa Eldoret alikuwa ameshanipa.

"Imetulia, Mwalimu," nilisema.

Jumatatu ya mwisho wa Februari hakupita Lodwar. Nililijua hilo kwa sababu dereva aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mzee amekaa nyumbani anapumzika kama mfalme. Halafu habari ikaja kwamba hatasafiri Jumatatu inayofuata pia, kwa kuwa ndiyo siku ya uchaguzi, na watu wa kuja walikuwa wanakumbuka ghasia za uchaguzi uliotangulia na hawakutaka kukutwa njiani. Atakwenda ile ya baadaye. Nilihesabu kwa vidole: majuma matatu bila mashine. Nikajiambia kwamba damu yake imetulia.

Ijumaa kabla ya uchaguzi kichupa chake kilifika kama kawaida, na umeme ukakatika kabla sijakiingiza kwenye mashine. Jenereta haikuwa na mafuta. Nilikuwa na hadubini ya zamani inayotumia kioo kidogo cha kukamata mwanga wa jua, kwa hiyo nikafanya kama tulivyofanya chuoni: tone moja juu ya kipande cha kioo, nikalitandaza, nikalitia rangi, nikaketi dirishani nihesabu chembe kwa jicho langu.

Kiini cha neutrofili iliyo hai hugawanyika vipande viwili hadi vitano vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huitambua. Kwenye kioo hicho nilizitafuta, na badala yake nikakuta chembe zilizosinyaa, viini vyake vimejikunja vikawa mpira mmoja mweusi. Chembe nyekundu zilikuwa zimefura. Hazikuwa zimeugua. Zilikuwa zimeoza. Zilikufa muda mrefu kabla ya kunifikia, na zilipokufa zikawa ndogo na za duara, mfano wa limfosaiti. Mashine yetu ilizitambua chembe kwa ukubwa tu. Tangu Desemba ilikuwa ikiwahesabu wafu wa kundi moja kama walio hai wa kundi lingine, na mimi nikigawanya kwa penseli na kufurahi.

Dereva alikuwa bado langoni, ameketi kwenye kivuli cha gari lake anakunywa chai. Tukasalimiana, ejok, ejok, kisha nikamuuliza damu ya Mwalimu huwa anaibeba vipi.

"Hiyo damu mimi nabeba kama mayai, madam," alisema kwa fahari. Akanionyesha. Juu ya dashibodi, mbele ya kioo, alikuwa ameweka kikombe cha bati, na ndani yake leso iliyokunjwa vizuri. "Hapa haigongwi. Huko nyuma barabara inaruka sana, itavunjika."

Nilikigusa kikombe nikaondoa mkono. Nikamuuliza zamani alikuwa anaiweka wapi.

"Zamani si ilikuwa ndani ya sanduku ya samaki, na barafu? Mama akakataa. Akasema damu ya mzee haiwezi kulala na samaki. Sasa mimi niambie nini, na yule ni mama wa kanisa?"

Nikamwuliza hilo lilikuwa lini. Akafikiri. Ilikuwa karibu na Krismasi, alisema, wakati kwaya ilipokuwa inafanya mazoezi. Na si hilo tu: kwa kuwa Mwalimu alikuwa mtu wa kuwahi, hakutaka damu yake ichelewe gari. Alikuwa akitolewa Alhamisi jioni, akalala nayo nyumbani, kando ya mtungi wa maji. Kwa hiyo kila mmoja wao alikuwa ameitunza damu ile kwa uangalifu wote alioujua, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu mimi pia sikuwahi kumwambia yeyote kwa nini barafu ilihitajika. Nilidhani wanajua. Nilikuwa nimetunza daftari la mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, nikasahau kusema lile moja lililokuwa kazi yangu kusema.

Nilipiga simu dukani. Akapokea mkewe. Nikauliza Mwalimu yuko vipi, akasema yuko muzuri, kwa haraka, kama mtu aliyeagizwa. Nikauliza tena, polepole, analala vizuri? Hapo nikasikia anatoka nje na kufunga mlango.

"Dada, analalaka akiwa amekaa," alisema. "Siku ine sasa. Akilala chini pumzi inakatika. Amenikataza kukuambia. Anasema wewe umesema damu iko muzuri."

Maji yaliyokuwa yanapaswa kutolewa Eldoret yalikuwa yamejaa mwilini na sasa yanaulemea moyo. Sikuhitaji mgawanyo wowote kujua hilo.

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Alikuwa mtu mwema aliyezidiwa na kazi, na alisema yale ambayo ningeyasema mimi kama ningekuwa yeye: kwamba maabara haitembelei wagonjwa majumbani, kwamba nipige simu, nieleze, nimwachie mgonjwa aamue. Nilirudi nikakaa mbele ya simu. Nilimjua Mwalimu. Angeniambia kwamba nambari ni nambari, kwamba mimi mwenyewe nilimwambia zimetulia, na kwamba mwalimu hawezi kufuta alama za mtoto kwa sababu tu amebadili mawazo. Angesema atangoja uchaguzi upite. Kwa simu asingeniona uso, na mimi nilihitaji anione, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumshawishi. Vilevile, na hili ndilo gumu kuliandika, nilijua kwamba nikipiga simu nitatafuta maneno laini. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara moja.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na sikuwa zamu. Kabla jua la Ijumaa halijashuka nilikuwa nimempigia daktari wa Eldoret, akaahidi kumwekea Mwalimu nafasi siku yoyote atakayofika, hata Jumapili. Nikamwambia dereva aniachie kiti cha mbele. Nikapanga kwenye begi vichupa vitatu, sindano, vioo na pamba. Kisha nikalala kama mtu aliyepigwa.

Asubuhi tuliondoka na samaki. Dereva alikuwa amekiondoa kikombe cha bati kwenye dashibodi bila kuambiwa, na njiani akaniuliza kama mzee atakufa kwa sababu ya kikombe. Nikamwambia hapana, kosa ni langu. Akatikisa kichwa, nami sikujua kama amekubali au amekataa.

Tulimkuta Mwalimu nyuma ya duka, ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili, redio ya uchaguzi ikizungumza peke yake. Uso wake ulikuwa umejaa. Alijaribu kusimama kunipokea, akaishia katikati, akarudi chini taratibu kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

"Daktari wa vichupa," alisema. "Leo umekuja kuona kama nina uso?"

"Mwalimu, nilikukosea," nilisema. Nilikuwa nimejiandalia utangulizi mrefu, nikauacha. "Damu niliyokuwa naisoma ilikuwa imeharibika kwa joto njiani. Zile nambari nzuri hazikuwa zako. Na uliponiuliza kama unaweza kupumzika, nilijua jibu ni hapana, sikukuambia."

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyesahihisha karatasi maisha yake yote. Mkewe alisimama mlangoni na hakuondoka.

"Yaani nilifaulu kwa karatasi ya mtu mwingine," alisema.

"Ndiyo."

"Na kwa nini hukuniambia hapana?"

Nikamwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli wakati ule, na ni kweli leo.

Alikunja mkono wa shati. Mshipa ulikuwa mgumu kuupata katika mkono uliovimba, nami nikamwumiza mara mbili kabla damu haijaingia. Nilitandaza tone juu ya kioo pale pale kwenye kaunta, kati ya chaki na rula, na upepo wa Kakuma ukalikausha kabla sijainua mkono. Alikuwa akinitazama.

"Na hiyo ya leo itasema nini?"

"Sijui. Hatutaingoja. Kuna basi la kwenda Eldoret linaondoka Lodwar saa nane, na gari la samaki linatoka hapa sasa hivi. Daktari anakungoja kesho."

"Na kura yangu?"

Nilikuwa nimeogopa swali hili kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la haki. Mkewe alipita kati yetu, akazima redio, akavuta begi chini ya kitanda. Halikuwa la kufungashwa. Lilikuwa limefungashwa tayari, pengine kwa siku nne. Mwalimu aliliangalia begi, kisha akamwangalia mkewe, na kitu kikalegea mabegani mwake ambacho nilidhani ni hasira na baadaye nikaelewa kuwa ni nafuu.

Alitembea hadi garini akiegemea dereva upande mmoja na mimi upande wa pili, akipumzika kila hatua chache, na kila alipopumzika watoto wa shule waliokuwa njiani walimwamkia shikamoo Mwalimu, naye akaitikia kila mmoja. Tulimkalisha mbele. Mimi nikapanda nyuma na mkewe, kwenye benchi, kando ya sanduku la samaki lililobaki na barafu iliyonusurika.

Kichupa kilikuwa bado mkononi mwangu. Mama alinyoosha mkono akakichukua. Akakifunga ndani ya kitambaa cha kichwa chake mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaukaza kwa fundo. Halafu akainua kifuniko cha sanduku, harufu ya ziwa ikatoka, naye akaichimba barafu kwa vidole na kukilaza humo.

Dereva akawasha gari.